Nyonga kwa wanafunzi wa tiba kwa vitendo: anzeni chooni na mkekani, jedwali la misuli lifuate

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanafunzi wa tiba kwa vitendo, mliopo KCMC Moshi, KMTC kule Kenya na kwingineko. Fizio na wauguzi wa wodi za mifupa karibuni pia, mtatusahihisha.

Kinachonisukuma kuandika ni hiki. Mwanafunzi anasimama kando ya kitanda, anataja chanzo, mwisho na neva ya kila msuli wa nyonga bila kukwama hata mara moja. Mwanafunzi huyo ukimuuliza jinsi bibi aliyelala hapo atakavyojisaidia akirudi nyumbani kwenye choo cha shimo, ananyamaza. Na hilo swali la pili ndilo letu. Jedwali la misuli kila fani ya afya inalo. Sisi tumeitwa pale kwa ajili ya choo, mkeka, jiko, daladala na mahali pa kusalia.

Kwa hiyo nitaipitia nyonga kwa kufuata mambo ambayo watu wanayafanya nayo. Majina magumu nitayaleta pale yanapohitajika. Nitaenda polepole kwenye kukunja nyonga na kwenye kusimama kwa mguu mmoja, kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wetu wengi wanapokwama.

Mwanzisha uzi

Mifupa kwanza, kwa ufupi.

Kichwa cha fupa la paja ni mviringo, na kinaingia kwenye shimo la fupanyonga linaloitwa asetabulamu. Shimo hilo limejengwa na mifupa mitatu, iliamu juu, iskiamu nyuma na chini, pubisi mbele. Kwa mtoto mifupa hiyo bado imetenganishwa na gegedu, na huungana kuwa mfupa mmoja kwenye miaka ya balehe. Ukingo wa shimo umezungushiwa labramu, pete ya gegedu inayoongeza kina na kukibana kichwa kisitoke. Bega lina shimo la kina kifupi, ndiyo maana linazunguka kila upande na kuteguka kirahisi. Nyonga imetoa sehemu ya uhuru huo ili iweze kubeba mwili.

Shingo ya fupa la paja hutoka kwenye mhimili wa mfupa kwa pembe ya takriban nyuzi 125 kwa mtu mzima. Mtoto mchanga anazaliwa na pembe kubwa zaidi, karibu 150, na shingo yake imegeukia mbele kuliko ya mtu mzima. Kusimama na kutembea ndiko kunakoipunguza taratibu. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika kwa watoto wenye mtindio wa ubongo.

Damu nayo muielewe. Kichwa cha fupa la paja hulishwa zaidi na mishipa midogo inayopanda ikikumbatia shingo, mingi ikitoka kwenye ateri ya sakamfleksi ya ndani. Shingo ikivunjika, mishipa hiyo huchanika na kichwa kinaweza kufa hata kama mfupa umeungwa vizuri. Ndiyo sababu mzee aliyevunjika shingo ya paja mara nyingi huwekewa kichwa cha bandia. Kwa kwetu kuna sababu nyingine ya kichwa hicho kufa, nayo ni selimundu. Mkikutana na kijana wa miaka ishirini anayechechemea na anaumwa kinena, ulizeni habari ya selimundu kabla hamjamfundisha zoezi lolote.

Mwaka wa Pili

Mwalimu, asante. Swali dogo. Mgonjwa akisema nyonga inauma, nitajuaje ni kiungo chenyewe au ni mgongo?

Mwanzisha uzi

Mwambie aoneshe kwa mkono, usimsaidie. Akiweka mkono kwenye kinena, au akaushika ubavu wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba nyuma na vidole mbele, fikiria kiungo. Akigusa lile fundo la mfupa pembeni, troikanta kubwa, fikiria misuli na vifuko vya ute vya pale. Akionesha tako na maumivu yakishuka hadi chini ya goti, angalia mgongo.

Halafu kuna mtego. Maumivu ya nyonga yanaweza kusikika gotini tu, kwa sababu neva ya obtureta inahudumia viungo vyote viwili. Mtoto anayelalamika goti na goti lake halina kitu, mlaze umzungushe nyonga kwa ndani. Akiruka, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mwanzisha uzi

Sasa kano na mkao.

Kifuko cha kiungo kimeimarishwa na kano tatu nene, na ile ya mbele, iliofemorali, inahesabiwa kuwa kano yenye nguvu kuliko zote mwilini. Zote tatu hukazika nyonga inaponyooka na kupelekwa nyuma, na hulegea inapokunjwa. Hapo kuna matokeo mawili ambayo mtayaona kila siku.

La kwanza, mtu mwenye afya akisimama wima anaweza kuegemea kano za mbele na misuli ikapumzika. Mlinzi anaweza kusimama getini muda mrefu kwa sababu hiyo. Mwenye nyonga iliyogandia kwenye mkunjo hana pa kuegemea. Misuli yake inafanya kazi dakika zote, na mgongo wa chini unajipinda kumsaidia. Huyo akisema anachoka kusimama kupika, muaminini.

La pili, kiungo kilichovimba hutafuta mkao wa raha, nao ni kukunjwa kidogo, kutanuliwa kidogo na kugeuzwa nje. Ndugu wa mgonjwa kwa upendo huweka mto chini ya goti. Mto ukikaa hapo wiki kadhaa, nyonga inagandia kwenye mkunjo. Kwa aliyekatwa mguu juu ya goti ni hatari zaidi, maana hakuna tena uzito wa mguu wa kuinyoosha nyonga, na kiungo bandia hakitamkaa vizuri. Ondoeni mto, mfundisheni kulala kifudifudi mara kwa mara kama hali yake inaruhusu, na muelezeni mama mwenye nyumba ni kwa nini. Akielewa sababu hataurudisha mkiondoka.

Kupima kama nyonga imegandia tunatumia kipimo cha Thomas. Mgonjwa analala chali, anakumbatia goti la mguu mmoja hadi kiuno kikae flati kitandani. Paja la pili likinyanyuka lenyewe, lina mkunjo uliogandia. Msipoweka kiuno flati, mgongo utawaficha ukweli.

Mwanzisha uzi

Miondoko. Vitabu vingi vinatoa takwimu zinazokaribiana kwa mtu mzima: kukunja nyuzi 120, kurudisha nyuma 20 hadi 30, kutanua 45, kufunga kuelekea katikati 20 hadi 30, kuzungusha nje 45, kuzungusha ndani 35 hadi 45. Darasani mnaziita fleksheni, ekstensheni, abdaksheni, adaksheni na rotesheni. Goniomita, kile kifaa cha kupimia pembe, mnaiweka kitovu juu ya troikanta kubwa, mkono uliotulia sambamba na kiwiliwili, mkono unaotembea ukielekea upande wa nje wa goti.

Lakini takwimu hiyo ya 120 ni ya goti lililokunjwa. Goti likinyooka, hamstringi, misuli ya nyuma ya paja, zinakamata na nyonga inaishia karibu na 80 au 90. Misuli hiyo inaanzia kwenye mfupa wa kukalia na kuishia chini ya goti, inavuka viungo viwili, haiwezi kurefuka kwenye vyote kwa wakati mmoja. Mwanamke anayepalilia au kufagia kwa ufagio mfupi huku magoti yamenyooka anaishiwa na nyonga mapema. Sehemu inayobaki anaitoa mgongoni.

Na hili ndilo naomba mlishike kuliko yote katika uzi huu. Nyonga inakunjwa kwa njia mbili. Paja linaweza kupanda kwenye kifua, au kifua kinaweza kushuka kwenye paja. Kwa kiungo ni mkunjo uleule. Mwanafunzi anamwambia mgonjwa asinyanyue goti juu, mgonjwa anatii kabisa, kisha anakaa kitini na kuinama kuokota kandambili. Tayari amevuka nyuzi 90, na goti lake halijanyanyuka hata kidogo.

Angalieni kuinuka kutoka kwenye kigoda. Ukikaa umetulia unaweza kuwa kwenye 90 na kitu. Ili uinuke ni lazima kifua kije mbele mpaka uzito ukae juu ya nyayo, na hapo nyonga inazidi kukunjwa kabla haijaanza kunyooka. Kadiri kigoda kilivyo kifupi ndivyo unavyokunja zaidi. Kwa hiyo kuongeza urefu wa kiti kwa kiganja kimoja kunaweza kumsaidia bibi kuliko wiki nzima ya mazoezi.

Fizio wa Pwani

Mkuu naheshimu kazi yako ila hapo kwenye jedwali sikubaliani. Wakiacha kukariri chanzo na mwisho wa misuli watashindwa kufikiri wakikutana na tatizo jipya. Mimi jedwali limenisaidia.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, sijasema waache. Nimesema lifuate. Mtu akishaona msuli unafanya nini kwenye ngazi, chanzo na mwisho vinamkaa kichwani kwa sababu vina maana. Ngoja nioneshe.

Gluteasi maksimasi, msuli mkubwa wa tako: ndiye anayekuinua kutoka kwenye kigoda na kukupandisha ngazi ya daladala. Ukitembea taratibu sakafuni hafanyi kazi kubwa. Neva yake ni gluteali ya chini. Mgonjwa anayetembea vizuri korido nzima lakini anashindwa ngazi, muwaze yeye.

Iliosoasi: anaanzia kwenye pingili za kiuno na ndani ya iliamu, anaishia kwenye troikanta ndogo. Ndiye mkunjaji mkuu. Anakunyanyulia mguu kuingia kwenye beseni, kuvaa suruali, kupanda bodaboda. Akiwa dhaifu mtamuona mgonjwa anashika kitambaa cha suruali na kunyanyua paja kwa mkono.

Rektasi femorisi, msuli wa mbele ya paja, anamsaidia, na huyu naye anavuka viungo viwili: anakunja nyonga na kunyoosha goti.

Adakta, kundi la ndani ya paja, neva ya obtureta. Zinabana mapaja. Kwa mtoto mwenye mkazo wa misuli ndizo zinazomfanya apishanishe miguu kama mkasi hadi mama ashindwe kumbadilisha nepi.

Wazungushaji nje sita wa ndani kabisa, pirifomisi na wenzake, wako nyuma ya kiungo. Neva ya siatiki hupita karibu nao, mara nyingi chini ya pirifomisi, ikishuka pajani. Sindano ikichomwa vibaya takoni inaweza kuiumiza na mtoto akabaki na wayo unaoning'inia. Ndiyo maana robo ya juu kwa nje ilichaguliwa kwa watu wazima, na watoto wachanga huchomwa pajani kwa pembeni.

Sartoriasi, mrefu kuliko misuli yote, anakunja nyonga, anaitanua, anaizungusha nje na kukunja goti. Yote manne kwa pamoja ni mkao wa kukunja miguu mkekani.

Gluteasi midiasi anastahili bandiko lake.

Mwanzisha uzi

Simameni sasa hivi mlipo. Wekeni mikono pande zote za nyonga, chini kidogo ya ukingo wa mfupa wa kiuno. Nyanyueni mguu wa kulia. Mnasikia msuli gani umekakamaa? Ni wa kushoto, upande uliobaki chini. Wengi hutarajia kinyume.

Mguu mmoja ukiwa hewani, mwili unataka kuangukia upande huo. Gluteasi midiasi na minimasi wa upande uliosimama wanashikilia fupanyonga lisidondoke. Ni sawa na ubao wa bembea wa watoto wenye upande mmoja mfupi na mwingine mrefu: uzito wa mwili umekaa mbali, msuli umekaa karibu na kiungo, kwa hiyo ni lazima uvute kwa nguvu kubwa zaidi kuliko uzito wenyewe. Nguvu ya msuli na uzito wa mwili vyote vinaangukia kichwa cha fupa la paja. Jumla ni takriban mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mtu. Mama wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, nyonga yake inabeba karibu kilo 200. Na kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja mara kwa mara, kila mguu unabeba peke yake karibu asilimia 40 ya mzunguko wa hatua.

Msuli ukiwa dhaifu, au neva ya gluteali ya juu ikiumia, fupanyonga linadondoka upande wa mguu ulionyanyuliwa. Hiyo ni dalili ya Trendelenburg, iliyoelezwa na daktari mpasuaji Mjerumani Friedrich Trendelenburg mwaka 1895. Wagonjwa wengi hujifunza wenyewe kujitetea: wanainamisha kifua juu ya mguu mbovu ili uzito usogee karibu na kiungo, na msuli upunguziwe kazi. Mkimuona mtu anayumba hivyo, msiharakishe kumnyoosha. Anapunguza maumivu kwa njia sahihi kabisa ya kimekanika. Mpeni fimbo kwanza.

Muuguzi wa Mifupa

Fimbo mkono upi jamani? Kila siku wodini ndugu wanabishana, wengi wanaiweka upande wa mguu unaouma.

Mwanzisha uzi

Dada, mkono wa upande wa pili. Nyonga ya kulia inauma, fimbo mkono wa kushoto, na fimbo na mguu mbovu vinatangulia pamoja. Fimbo ikiwa mbali na kiungo, msukumo mdogo tu wa mkono unapunguza kazi kubwa ya msuli. Ikiwa upande uleule iko karibu sana, na mtu anaishia kuiegemea nyonga mbovu.

Urefu: asimame na viatu anavyovaa kila siku, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo ya mti iliyokatwa vizuri inafaa, ila mtafutie mpira wa kuvisha chini.

Mama wa Kijijini

Samahani mimi si mwanafunzi, nimefuatilia tu. Mimi nyonga ya kushoto inanisumbua na maji nachota mbali. Ndoo nibebe vipi?

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo, na karibu sana. Swali lako ni bora kuliko mengi ya mitihani.

Ndoo kichwani inaongeza uzito wote juu ya nyonga zote mbili. Ndoo ya mkononi ukiibeba upande wa kulia, ulio mzima, inauvuta mwili mbali na nyonga mbovu, na msuli wa kushoto unalazimika kuvuta zaidi. Ukiibeba upande wa kushoto, upande uleule unaouma, uzito wa ndoo unausaidia msuli kushikilia fupanyonga, na mzigo wa kiungo unakuwa mdogo kuliko ungebeba kulia. Watu wanashangaa lakini ndivyo ilivyo. Mkono wa kulia unabaki huru kwa fimbo.

Hata hivyo ndoo iliyojaa bado ni nzito. Tumia kidumu kidogo mara nyingi, au baiskeli au mkokoteni kama kuna kijana wa kuusukuma. Na tafadhali nenda hospitali wakupige picha ya eksirei.

Mwanzisha uzi

Sasa choo, kama nilivyoahidi kwenye kichwa cha uzi.

Kuchuchumaa nyayo zikiwa chini kunahitaji mkunjo mkubwa wa nyonga, goti lililokunjwa hadi mwisho na kifundo cha mguu kinachokubali. Nyonga kwa wengi inavuka 90, na wengine wanakaribia 120. Kiasi kinachobaki kinamalizwa na fupanyonga kulalia nyuma na kiuno kujikunja. Mtu aliyekulia kwenye mkeka ana viungo vilivyozoea. Mzee ambaye gegedu ya nyonga imelika hupoteza kuzungusha ndani mapema, kisha kukunja. Anachuchumaa kwa kutanua paja na kuligeuza nje ili kichwa cha mfupa kipate nafasi, halafu siku moja anashindwa kuinuka.

Aliyewekewa nyonga bandia ana jambo jingine. Upasuaji huu kwa umbo tunalolijua leo ulianza na John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwaka 1962. Mpasuaji akiingilia nyuma, anakata wale wazungushaji na kifuko cha nyuma. Kichwa kinaweza kusukumwa nje kwa nyuma endapo mambo matatu yatakutana: kukunja sana, kufunga paja kuvuka katikati, na kuzungusha ndani. Ndipo yakaja masharti ya wiki za mwanzo: usivuke 90, usipishanishe miguu, usigeuze goti ndani. Akiingilia mbele, masharti yanakuwa tofauti, hofu inahamia kwenye kurudisha mguu nyuma na kuugeuza nje.

Masharti haya yakibaki maneno matatu kwenye karatasi hayamsaidii mtu. Yageuzeni kuwa vitendo vya nyumbani kwake.

Choo cha shimo: fundi atengeneze kiti imara cha mbao chenye tundu katikati, kikae juu ya shimo. Pimeni kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni akiwa na kandambili, kisha ongezeni kidogo. Nguzo ya kushika iwekwe upande wa mkono wenye nguvu.

Kugeuka chumbani: akikita mguu uliopasuliwa na kugeuza mwili kuelekea upande huohuo, nyonga imezungushwa ndani ingawa hajauhamisha mguu. Ageuke kwa hatua ndogo ndogo.

Kuvaa suruali: mguu uliopasuliwa unatangulia kuingia, na unakuwa wa mwisho kutoka.

Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, unatangulia ule mbovu pamoja na fimbo.

Kukuna nazi: mbuzi ni fupi, na kazi yenyewe inavuta kifua mbele kila mkuno. Wanaotanua mapaja wanakunja na kutanua. Wanaokaa upande, miguu yote kulia au kushoto, nyonga moja inafungwa na kugeuzwa ndani, na huo ndio mkao wa hatari niliousema. Kwa wiki hizo mwingine akune. Baadaye mbuzi ikazwe kwenye benchi refu.

Sala: rukuu inamleta mtu karibu na 90 magoti yakiwa yamenyooka, sijida inavuka kabisa, na mkao wa tahiyatu unazungusha nyonga. Msimwambie Muislamu aache kuswali wala msikae kimya. Dini yake ina ruhusa iliyo wazi, katika hadithi ya Imran bin Huswein: aswali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Mletee kiti chenye urefu sahihi, aashirie rukuu na sijida kwa kiasi kilichoruhusiwa, na familia imuulize sheikh wao. Mkristo anayepiga magoti kifua kikiwa wima, nyonga yake imenyooka karibu kabisa. Shida yake ni kushuka na kupanda. Akisharuhusiwa, goti la upande uliopasuliwa litangulie kugusa chini, ili nyonga inayokunjwa iwe ile nzima.

Fizio wa Pwani

Hapo nakupa tano. Ongeza tu kwamba sehemu nyingi wameanza kulegeza hayo masharti, hasa kwa vichwa vikubwa vya bandia na kifuko kikishonwa vizuri. Wanafunzi wasiyaimbe kama amri.

Mwanzisha uzi

Nakubaliana nawe kabisa. Someni taarifa ya upasuaji: aliingilia wapi, aliandika masharti gani, kwa muda gani. Kama haijaandikwa, mfuateni mpasuaji mumuulize. Msimpe mgonjwa masharti ya kitabu yanayopingana na ya daktari wake.

Mwaka wa Pili

Mwalimu ulisema utarudi kwa watoto wenye mtindio wa ubongo.

Mwanzisha uzi

Ndiyo. Nilisema shingo ya fupa la paja hupungua pembe kwa kusimama na kutembea. Mtoto asiyesimama anabaki na umbo la uchangani, shimo nalo halipati kichwa cha kulichonga likawa na kina. Ongeza iliosoasi na adakta zenye mkazo zinazovuta paja mbele na katikati. Mwezi baada ya mwezi kichwa kinasogea nje, na mara nyingi mtoto halii hadi kimeshafika mbali. Watoto wasioweza kutembea ndio walio hatarini zaidi, na eksirei za kila baada ya muda ndizo zinazogundua mapema. Mkiona kutanua paja kumepungua, au goti moja limekaa chini kuliko lingine akiwa amelala chali na magoti yamekunjwa, mpeni rufaa.

Kwetu kazi ni mkao wa saa zote za siku. Anzeni na fupanyonga: likae wima, uzito ukiwa kwenye mifupa miwili ya kukalia, mkanda upite chini ya ukingo wa mbele wa nyonga na usipande tumboni. Nyonga ziwe karibu na 90, mapaja yatenganishwe na kizuizi kidogo. Kiti si lazima kinunuliwe nje. Viti vya tabaka za karatasi na boksi zilizogandishwa kwa gundi ya unga vimetumika miaka mingi Afrika Mashariki, na mama anaweza kufundishwa kukitengeneza. Kisimamishio cha mbao nacho, fundi wa mtaani anakiweza mkimpa vipimo.

Na mbeleko waacheni nayo. Mtoto mchanga mgongoni kwa mama, mapaja yametanuliwa na kukunjwa, kichwa cha mfupa kimeelekezwa katikati ya shimo. Madaktari wa mifupa Malawi walishaihusisha na uchache wa nyonga zilizoteguka tangu utotoni. Kinachodhuru ni kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja. Kwa mwenye mtindio wa ubongo anayekaza miguu, mbeleko ya mgongoni au ubavuni inaweza kuwa sehemu ya tiba, ilimradi mapaja yamekaa wazi na kichwa kina msaada.

Mwaka wa Pili

Nimejaribu uchambuzi wa kupanda na kushuka daladala, tafadhali nisahihishe. Kupanda: iliosoasi na rektasi femorisi wananyanyua mguu wa mbele, midiasi wa mguu uliobaki chini anashikilia fupanyonga, kisha maksimasi na kwadrisepsi (msuli mkubwa wa mbele ya paja) wa mguu wa mbele wanainua mwili. Kushuka: misuli ya mbele ya nyonga inapeleka mguu chini.

Mwanzisha uzi

Kupanda umepata kila kitu. Kushuka umekosea. Mguu unapelekwa chini na uzito wake wenyewe. Anayefanya kazi ni mguu uliobaki juu ya ngazi: kwadrisepsi na maksimasi wake wanajikaza huku wakirefuka, wakiuteremsha mwili polepole, na midiasi wake anazuia fupanyonga lisidondoke. Ndiyo maana mguu mbovu unatangulia chini, ili ule mzima ubaki juu kufanya hiyo kazi. Ngazi ya daladala ni ndefu kuliko ya nyumbani, kwa hiyo mgonjwa wako mfanyishe mazoezi kwenye ngazi ya urefu huohuo kabla ya kumruhusu apande peke yake, na mwambie kondakta asubiri mpaka ameshika bomba.